Vijiji 14 vya Rhino Camp na swali la nani amemponya nani

Mvua zinapokaza Koboko, buti za mpira hutoka haraka dukani, na bei ya bidhaa zinazosubiri lori nayo hupanda. Mambo hayo mawili huenda pamoja, lakini hakuna mchuuzi wa Oraba atakayesema buti ndizo zilizopandisha bei. Mvua imeharibu njia, na mvua hiyo hiyo imeuza buti.

Likija suala la akili na mwenendo wa watu, ukali huo wa macho hupungua. Mama anayehudhuria kikundi cha kufarijiana anaonekana mchangamfu kuliko jirani yake anayejifungia ndani, basi watu husema kikundi kimemponya. Huenda ni kweli. Huenda pia aliyelemewa zaidi hana nguvu ya kutoka, na kikundini wamejaa wale waliokuwa na nafuu tangu mwanzo. Ndivyo ilivyo kwenye semina za biashara: wanaotoa ushuhuda ni waliobaki sokoni. Waliofilisika kwa mbinu zile zile wamekwisharudi kwao, hakuna anayewauliza.

Swali hilo lilipimwa kwa makini katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, upande wa Arua, waliko wanawake wengi wa Sudan Kusini. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeandaa mafunzo yaitwayo Self-Help Plus: vikao 5, kimoja kila wiki, watu 20 hadi 30 wakisikiliza sauti iliyorekodiwa, hapo kwa Kiarabu cha Juba, pamoja na kitabu cha picha. Waendeshaji hawakuwa madaktari; walipewa mafunzo mafupi tu.

Ingekuwa rahisi kuwangoja wanaokuja wenyewe na kuwalinganisha na waliobaki nyumbani. Watafiti hawakufanya hivyo. Walichukua vijiji 14 vyenye wanawake 694 waliokuwa na msongo wa mawazo, wakavigawanya kwa bahati nasibu. Baadhi vilipata mafunzo. Vingine vilipata maelezo mafupi kuhusu afya ya akili na mahali pa kupata huduma. Kugawanya kijiji kizima kulikuwa na busara yake, maana anachofundishwa mtu leo, kesho kimemfikia jirani kisimani.

Ilibaki hatari ya mdomo. Mkimbizi anayeulizwa na mtu wa mradi anajua jibu linalopendeza, kama mteja anayeulizwa na muuza sabuni mwenyewe iwapo sabuni ni nzuri. Watafiti huuita mwelekeo huo upendeleo, ingawa hakuna aliyempendelea ndugu. Ili kuupunguza, waliouliza maswali hawakuambiwa kijiji kipi kilipata nini.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Lancet Global Health. Miezi 3 baada ya mafunzo, waliohudhuria walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao, kwa wastani wa pointi 1.2 kwenye kipimo cha 0 hadi 24. Si muujiza. Lakini ni nafuu ambayo haiwezi kuelezwa kwa kusema wachangamfu ndio waliojipeleka.

Nayo ni nafuu ya wanawake wa Rhino Camp. Dereva wa lori anayelala njiani kuelekea Kaya hakuwamo katika hesabu ile, na atakayemuuzia mafunzo kama hayo kwa kutaja utafiti huu anamuuzia kitu ambacho bado hakijapimwa kwake.