Kompyuta Imenyamaza? Kagua Haya Kabla ya Kumtumia Fundi Pesa

Chukulia una vyumba viwili vya kukodisha pale Watamu. Mgeni kutoka Italia anataka mzungumze kwa video kabla hajatuma malipo ya kwanza. Saa imefika, uso wake unauona, midomo inacheza, lakini sauti hakuna. Unampigia fundi Malindi mjini. Hata mashine hajaiona, anakwambia: "Hiyo ni saundikadi imekufa. Nitumie nusu ya pesa ninunue spea." Kwa ile haraka, unatuma.

Mfano huu tumeutunga sisi, ila hali yenyewe si ngeni kwako. Sisi kazi yetu ni kusafirisha pesa zako, si kutengeneza kompyuta. Lakini pesa iliyotumwa kwa haraka ndiyo ngumu kurudi, kwa hivyo leo tuanze na ukaguzi wa dakika kumi unaoweza kuufanya mwenyewe nyumbani. Hatua hizi ni za kompyuta inayotumia Windows.

1. Anza na yale madogo

Tazama alama ya spika chini kulia kwenye skrini. Ikiwa na msalaba, sauti imezimwa. Laptopu nyingi zina kitufe cha kuzima sauti juu ya kibodi, na mtoto akicheza nayo hukibonyeza bila kujua. Kama una spika za nje, hakikisha zimewashwa na kile kirungu cha sauti hakijateremshwa hadi chini. Halafu jaribu sauti mahali pawili: fungua wimbo uliohifadhiwa kwenye kompyuta, kisha video ya intaneti. Wimbo ukisikika na video isisikike, spika ni nzima. Shida iko kwenye ile programu au ukurasa ulioufungua.

2. Sauti inaenda wapi?

Hapa ndipo wengi hukwama. Kompyuta inaweza kuwa inatoa sauti vizuri kabisa, ila inaipeleka kwingine. Ukiiunganisha na televisheni kwa waya wa HDMI, mara nyingi sauti huhamia huko. Ukiwa na spika ya Bluetooth iliyoachwa inawaka chumba cha pili, sauti itaenda huko nawe ubaki unashangaa.

Bonyeza alama ya spika, kisha kimshale kilicho karibu na mstari wa sauti. Utaona orodha ya vifaa. Chagua spika za kompyuta yako, ujaribu tena.

3. Chomeka earfoni

Hiki ndicho kipimo chenye faida kuliko vyote, na hakina gharama. Azima hata za jirani.

- Earfoni zikitoa sauti na spika zikae kimya: saundikadi ni nzima. Tatizo ni spika zenyewe, waya wake, au tundu la earfoni linaloidanganya kompyuta kwamba bado kuna kitu kimechomekwa.
- Vyote vikiwa kimya: huenda ni programu, huenda ni saundikadi. Nenda hatua ya nne.

Kwa kompyuta ya mezani, angalia rangi za matundu ya nyuma. Kwa kawaida kijani ni la spika na waridi ni la maikrofoni. Waya ukiingia la waridi, usitegemee kusikia kitu.

4. Zima, washa, kisha safisha programu

Izime kabisa na uiwashe upya. Ikikataa, bonyeza kwa upande wa kulia wa mausi pale kwenye alama ya Windows, uchague "Device Manager". Fungua sehemu ya sauti, bonyeza jina la kifaa cha sauti kwa upande wa kulia tena, chagua "Uninstall device", halafu uwashe kompyuta upya. Usitie alama kwenye kisanduku cha kufuta draiva. Mara nyingi Windows huirudisha draiva yenyewe wakati wa kuwaka.

5. Kumbuka tunakaa pwani

Kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, hewa ya bahari ina unyevu na chumvi, na chumvi hula chuma. Tundu la earfoni likishika kutu au vumbi, sauti hukwaruza, hukatika, au husikika sikio moja. Izime kompyuta, uchomeke na kuchomoa earfoni mara kadhaa taratibu. Usiingize pini wala kumwaga maji. Na usiiweke karibu na dirisha linalopigwa na upepo wa bahari; ukimaliza kazi, ifunike.

Sasa ukiamua kwenda kwa fundi

Mafundi wazuri wapo, Kilifi wapo na Malindi wapo. Mwambie ulichokiona: "Earfoni zasikika, spika kimya." Ukisema hivyo, ni vigumu kuuziwa saundikadi usiyoihitaji. Na kama kweli saundikadi imekufa, muulize kuhusu ile ndogo ya nje inayochomekwa kwenye USB. Mara nyingi huwa nafuu kuliko kufungua mashine.

Kwenye malipo, shika haya:

- Kubaliana bei kwa ujumbe ulioandikwa, ikitenganisha spea na kazi.
- Usitume pesa ya spea kabla fundi hajaikagua mashine.
- Ikiwezekana lipa kwa till ya duka badala ya namba ya mtu binafsi, na usome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha.
- Lipa salio baada ya kusikia sauti kwa masikio yako, kwa spika na kwa earfoni.
- Hifadhi ujumbe wa malipo. Mali bila daftari huisha bila habari.
- Kabla ya kuiacha mashine, nakili faili zako na utoke kwenye akaunti zako zote. PIN yako haihusiani na matengenezo ya sauti, usimpe mtu.

Tahadhari moja ya mwisho. Ukitafuta msaada mtandaoni, skrini inaweza kujaa onyo lenye kelele: kompyuta ina virusi, piga namba hii, lipa sasa. Huo ni utapeli. Usipige, usilipe, wala usimruhusu mtu aiendeshe kompyuta yako akiwa mbali. Funga ukurasa, ukigoma, izime mashine.

Na kama pesa imeshaenda kwa mtu usiyemwamini, usingoje kesho. Wasiliana nasi papo hapo kwa namba zetu rasmi ukiwa na ule ujumbe wa malipo. Akishazitoa, kuzirudisha huwa kazi kubwa zaidi.

Yule mgeni wa Italia naye asikuumize kichwa. Muombe dakika kumi, au mpigie kwa simu yako. Chumba bado chako, na pesa bado ziko mfukoni.