Breki Kwanza, Rangi Baadaye

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limechapishwa kama lilivyosomwa, ili wanafunzi walisome tena pamoja.

Natumaini mmekwisha kaa vizuri, na kila mmoja ana daftari na penseli yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika maneno haya matano ubaoni: BREKI, DRAMU, SILINDA, GURUDUMU, NATI. Wanafunzi wayasome kwa sauti, mmoja baada ya mwingine.

(Hapa darasa lisome.)

Vema. Leo tutajifunza namna ya kufufua gari kuukuu. Gari lenyewe ni pikapu ya Land Rover 109, ile yenye kichwa mbele na bodi ya wazi nyuma. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam, Uholanzi, mwaka 1948. Ile ya 109 ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1956, na namna hii ya zamani ilikoma mwaka 1985. Basi hata ile ya mwisho kabisa ni mtu mzima wa miaka arobaini hivi. Lakini hazijafa. Mwezi wa Oktoba 2024 Land Rover nyingi sana, za kila umri, zilikusanyika Arusha katika tamasha lao, na nyingi zilifika kwa magurudumu yao wenyewe.

Sasa fikirini jambo hili. Ndugu watatu wa Magoma wamenunua pikapu ya namna hiyo, iliyolala miaka mingi chini ya mwembe. Wanataka kubeba mahindi na machungwa mpaka Korogwe. Fedha zao ni chache. Wa kwanza asema, "Tununue rangi, watu waione inang'aa." Wa pili asema, "Tununue matairi makubwa, ipite matope." Wa tatu asema, "Tutengeneze breki." Nani ana akili?

Wa tatu ndiye mwenye akili. Gari lisilowaka halimwui mtu, hulala tu. Gari liwakalo lakini halisimami, hilo ndilo liuaji. Na katika pikapu, wanaoumia mara nyingi ni wale waliokaa juu ya magunia, wasio na cha kushika. Ninyi wa bonde la Lwengera mna Usambara ya Magharibi upande mmoja na Usambara ya Mashariki upande wa pili. Kwenu safari nyingi ni kupanda na kushuka. Kupanda ni kazi ya injini. Kushuka ni kazi ya breki.

BREKI HUFANYAJE KAZI?

Dereva akikanyaga pedeli, pedeli husukuma kijiti ndani ya silinda kubwa, iitwayo masta silinda. Ndani yake mna mafuta ya breki. Mafuta hayo husukumwa katika bomba nyembamba mpaka kwenye kila gurudumu. Huko yakuta silinda ndogo. Silinda ndogo husukuma vipande viwili vya chuma vilivyopinda kama mwezi mchanga. Mafundi huviita brekishuu. Vimevishwa utando mgumu, navyo hujibana ndani ya dramu, ambayo ni kama sufuria inayozunguka pamoja na gurudumu. Utando ukisugua dramu, gurudumu hupunguza mwendo.

Mwalimu, kama unalo bomba la sindano lisilo na sindano yake, fanya jaribio hili. Vuta hewa ndani, ziba tundu kwa kidole, kisha sukuma. Litabonyea na kurudi kama mpira. Sasa vuta maji, toa hewa yote, ziba, sukuma tena. Halibonyei. Hiyo ndiyo siri ya breki. Mafuta hayabonyei, hewa hubonyea. Upepo kidogo ukiingia katika bomba, mguu wa dereva unabonyeza upepo badala ya kusimamisha gari.

JOTO LA MTEREMKO

Mkisugua viganja vya mikono, vinapata joto. Breki nazo ni hivyo hivyo. Barabara itokayo Lushoto kupitia Soni mpaka Mombo hushuka zaidi ya mita 800. Gari na mzigo wake vikiwa tani 2, na dereva akategemea breki peke yake, joto litakalotoka katika mteremko huo, kama lingekusanywa lote, lingetosha kuchemsha madebe mawili ya maji. Joto hilo lote hutoka katika dramu nne!

Dramu zikipata moto mno, mafuta ya breki huchemka na kuwa mvuke. Mvuke hubonyea kama hewa. Hapo pedeli hushuka mpaka chini, na gari linaendelea kwenda. Kwa hiyo shika kanuni hii ya madereva wa zamani: gia uliyopandia mlima, ndiyo ya kushukia. Injini ikusaidie kuzuia gari. Usizime injini katika mteremko kwa kutaka kuokoa mafuta, wala usitoe gia.

Na mwendo usiusahau. Mwendo ukizidi mara mbili, nafasi inayotakiwa kwa breki kusimamisha gari huzidi mara nne, si mara mbili.

KAZI YA KUFUFUA

Kabla ya kupiga jeki, sikilizeni vizuri. Katika Land Rover hizi za zamani breki ya mkono haikamati magurudumu. Inakamata shafti iendayo nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, hilo lililo hewani laweza kuzunguka, na lile la chini nalo likazunguka, gari likaondoka juu ya jeki ingawa breki ya mkono imevutwa. Kwa hiyo chagua mahali pa tambarare, weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, kisha tegemeza gari kwa magogo imara. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Kwanza, fungua dramu. Utaona vumbi. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Utando wa breki za zamani ulitengenezwa kwa asibestosi, na vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi mabaya baada ya miaka mingi. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, lifute kwa kitambaa, kisha kifukie kitambaa hicho. Watoto wasisogee.

Pili, tazama utando. Ukiwa umekwisha karibu na chuma, badili. Ukiwa umelowa grisi au oili, badili pia, maana umekwisha inywa, na kuuosha hakutoshi. Lakini kwanza tafuta oili ilikotoka, uzibe hapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tena badili pande zote mbili, kulia na kushoto. Ukibadili upande mmoja, gari laweza kuvuta upande mmoja kila ukikanyaga breki.

Tatu, tazama dramu. Ikiwa na mikwaruzo, fundi mwenye mashine aweza kuichonga. Lakini kila ikichongwa inakuwa nyembamba zaidi. Ikiwa na ufa, au imepita kipimo chake, itupwe.

Nne, tazama silinda na mipira. Gari lililolala miaka mingi lina kutu ndani ya silinda. Kutu hukata mpira, na mpira uliokatwa huvujisha mafuta. Angalia pia ile mipira ya nje iunganishayo bomba na magurudumu. Ikiwa imepasuka-pasuka kama udongo wa kiangazi, nunua mipya. Bomba la chuma lililoliwa na kutu lisizibwe kwa gundi wala kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Libadilishwe.

Tano, tia mafuta mapya. Hapa kusoma kwenu kutawafaa sana. Someni kopo kabla ya kulipa fedha. Tafuteni maandishi haya: DOT 3 au DOT 4. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka joto lifike nyuzi 205. Lakini hunyonya unyevu wa hewa, na yakikwisha kunyonya yaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Ndiyo sababu kopo lililokaa wazi tangu mwaka jana halifai. DOT 5 ni namna nyingine kabisa. Msiichanganye na hizo. Wala msitie oili ya injini, hata tone moja. Oili hiyo huvimbisha mipira ya breki na kuiharibu yote.

Sita, toeni upepo. Kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja akae kwenye usukani, wa pili kwenye gurudumu. Anzeni na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa gari lenye usukani wa kulia, ni la nyuma kushoto. Halafu la nyuma kulia, kisha la mbele kushoto, mwisho la mbele kulia. Vika mpira mwembamba kwenye nati ya kutolea upepo, ncha yake izame katika chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Wa kwanza akanyage na kushikilia. Wa pili afungue nati, mapovu yatoke, kisha afunge. Ndipo wa kwanza ainue mguu. Akiinua kabla nati haijafungwa, upepo unarudi. Rudieni mpaka mapovu yaishe, mkiongeza mafuta juu kabla hayajapungua mno.

Saba, rekebisha nafasi. Nyuma ya kila gurudumu pana nati za kurekebishia breki. Izungushe mpaka gurudumu likamatwe, kisha irudishe kidogo mpaka lizunguke bila kusugua.

MAGURUDUMU

Sasa tumjibu yule ndugu wa pili, mpenda matairi makubwa. Pindueni baiskeli, mmoja azungushe gurudumu polepole. Jaribuni kulisimamisha kwa kugusa tairi lenyewe kwa kiganja. Ni rahisi. Sasa shikeni katikati kabisa, karibu na ekseli. Ni vigumu. Breki ya gari hushika katikati. Ukiweka tairi kubwa zaidi, breki inakuwa mbali zaidi na ardhi, nayo hufanya kazi kubwa zaidi kwa nguvu zile zile. Tena kipima mwendo husoma pungufu, dereva adhani anakwenda polepole.

Kawaida 109 huvaa tairi la 7.50-16. Namba ya kwanza ni unene wa tairi kwa inchi. Ya pili ni kipimo cha rimu kutoka ukingo mpaka ukingo. Pembeni mwa tairi mtakuta pia namba nne katika kiduara kirefu, kwa mfano 2319. Maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Huo ndio umri wa tairi. Tairi laweza kuwa na meno mazuri, nalo ni zee, gumu, limepasuka kando. Muuzaji aweza kulipaka rangi nyeusi, lakini namba haidanganyi.

Kagua rimu kuzunguka matundu ya nati. Ukiona ufa, usipeleke kwa mchomeleaji. Tafuta rimu nyingine. Rimu nyingi za zamani zimeungwa kwa ribiti, basi zitie mpira wa ndani. Kaza nati kwa kukingamisha, si kwa kuzunguka mduara. Baada ya kilomita 50 hivi, simama uzikaze tena.

KUONGEZA NGUVU ZA BREKI

Breki za zamani zikikwisha kuwa nzima, mwenye fedha aweza kuziboresha. La kwanza kwa faida ni masta silinda ya njia mbili. Magari mengi ya zamani yana njia moja tu, na bomba moja likipasuka breki zote zimekwisha. Ya njia mbili, upande mmoja ukivuja, wa pili bado unashika. La pili ni busta, ambayo humsaidia dereva kusukuma. Nayo yategemea injini iwake. Sababu nyingine ya kutozima injini mlimani. La tatu ni breki za diski za mbele, ambazo hupoa upesi kuliko dramu, lakini ni ghali na zataka fundi ajuaye.

Angalia: busta haiponyi breki mbovu. Yaongeza nguvu za mguu tu. Bomba likiwa na kutu, busta italipasua upesi zaidi. Na kazi yo yote ikiisha, gari lijaribiwe mahali wazi, tambarare, bila mzigo wala abiria, kisha likaguliwe na fundi mwenye ujuzi.

Kila asubuhi, kabla ya kupakia, kanyaga pedeli ushikilie mpaka uhesabu kumi. Ikizama polepole, pana mahali panapovuja. Siku hiyo mahindi yasubiri.

MASWALI KWA DARASA

1. Kwa nini upepo katika bomba la breki ni hatari?
2. Kwa nini tunaweka mawe hata kama breki ya mkono imevutwa?
3. Tairi lenye namba 4016 lilitengenezwa wiki gani, mwaka gani?
4. Ndugu watatu wana fedha za kutosha jambo moja tu. Andika mistari mitatu ukimweleza yule mpenda rangi kwa nini asubiri.

Kabla ya somo lijalo, ombeni ruhusa ya mwenye gari mmoja kijijini, msome namba za matairi yake na maandishi ya kopo lake la mafuta ya breki, myaandike daftarini. Kwa herini, ndugu wasikilizaji.