Klachi Ikiteleza, Anza na Waya

Juzi alfajiri nilipanda guta la injini la mkulima mmoja, tunapeleka mchicha Kariakoo. Kutoka bonde la Jangwani kupandisha Fire, injini ikaunguruma tu, guta likajikokota. Tulifika jua limeshatoka, mboga imesinyaa, wanunuzi wa jumla wameondoka. Akauza nusu bei.

Ile ni klachi inateleza. Dalili yake: unavuta mafuta, mlio unapanda, mwendo hauongezeki, hasa ukiwa na mzigo mlimani.

Usikimbilie spea. Kwanza shika mkono wa klachi: ncha yake icheze kama sentimita 1 hadi 2 kabla waya haujavuta. Ukikaza mno, legeza. Pili, oili. Klachi nyingi za maguta hukaa ndani ya oili ya injini, kwa hiyo weka ya pikipiki; baadhi ya oili za gari huifanya iteleze.

Bado? Mwaga oili, fundi afungue kava. Pleti za chuma zilizogeuka bluu zimeungua. Nenda nazo dukani: hesabu meno, linganisha upana. Badilisha pleti, springi na gasketi kwa pamoja, na pleti mpya zilowekwe oili kabla ya kufungwa.

Mwenzetu waya wake ulikazwa muda mrefu, pleti zikaisha. Kulegeza kungemchukua dakika 5. Wewe kagua lako leo jioni, kabla hujapakia.