BIASHARA YA USIKIVU: Simu yaweza kufupisha safari ya mgonjwa wa Singida

MFANYABIASHARA wa alizeti wa Iramba au Mkalama akianza kusikia nusunusu, hasara huanzia kwenye mzani. Bei huisikia vibaya, na mnunuzi akipiga simu kutoka Dodoma hawaelewani. Kutafuta kipimo nako ni nauli, malazi na siku za biashara zilizopotea.

Teknolojia ya kupima masikio kwa mbali inalenga kupunguza gharama hiyo. Mhudumu wa zahanati humvalisha mgonjwa vipokea sauti maalumu vilivyounganishwa na simu ya kiganjani. Mgonjwa huitikia kila asikiapo mlio, huku programu ikipima pia kelele za chumbani. Matokeo hutumwa kwa mtaalamu aliye mjini, naye huamua nani atibiwe papo hapo, nani apewe rufaa na nani anahitaji shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia. Programu ya hearScreen, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, hupima kwa mtindo huo. Kwa rufaa kubwa, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017.

Mahitaji ni makubwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji huduma kutokana na upungufu wa usikivu, na kwamba kupuuza tatizo hilo kunagharimu karibu dola bilioni 980 kila mwaka. Shirika hilo lilikadiria kuwa dola moja ikiwekezwa hurudisha karibu dola 16 katika miaka 10. Hata hivyo, faida hiyo ni ya jamii nzima, si gawio la mwenye duka.

Kwa mwenye mtaji mdogo, biashara ya kudumu haiko kwenye kipimo bali kwenye betri, marekebisho na ufuatiliaji. Betri ndogo za zinki kwa kawaida hudumu wiki moja hadi mbili, na zikishabanduliwa karatasi huanza kuisha hata kifaa kisipotumika. Mteja akikosa betri karibu, kifaa huishia sandukuni. Nchini Botswana, mradi wa Godisa wa Otse ulitengeneza chaja ya mionzi ya jua, na jua Singida halina uhaba.

Tahadhari zipo. Vifaa tiba husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), hivyo mwagizaji aulize masharti kabla ya kulipia mzigo. Kikuza sauti cha bei rahisi kikiuzwa bila kipimo chaweza kuliumiza sikio. Linalotoa usaha, au uziwi wa ghafla, ni kazi ya daktari na si ya simu.

Anayetaka kuingia sokoni aanze na zahanati moja, mtaalamu mmoja aliyesajiliwa na akiba ya betri. Kifaa kinachouzwa kisha kikasahauliwa ni hasara kwa muuzaji na mnunuzi pia.