Sarafu za Aksum: Ushahidi wa Mambo Madogo (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona kwamba wafalme wa Aksum, waliotawala nyanda za juu za Ethiopia na Eritrea ya leo, walianza kutoa sarafu zao mwishoni mwa karne ya 3, enzi za Endubis, wakaendelea hadi karne ya 7. Walitoa za dhahabu, za fedha na za shaba, na dhahabu kwa kawaida iliandikwa kwa Kigiriki ili ikubalike kwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu. Lakini hawakuandika mwaka. Wafalme wapatao 20 wanajulikana kwa sarafu, na wengi wao hawatajwi penginepo, si kwenye mawe wala kwenye vitabu vya wageni. Anayetaka kujua nani alimtangulia nani lazima aisome sarafu yenyewe, na hapo ndipo hoja yangu inapoanzia: katika usomaji huo, kile ambacho macho hukikimbilia kwanza, yaani sura ya mfalme na alama ya dini yake, ni shahidi dhaifu kuliko vijambo ambavyo mchongaji alivifanya bila kuvifikiria.

Sababu imo katika jinsi sarafu ilivyotengenezwa. Fundi alichonga mihuri miwili ya chuma, picha na maandishi yakiwa kinyume. Mmoja ulikazwa kwenye fuawe, wa pili ukashikwa kwa mkono. Kipande cha madini kikawekwa katikati, nyundo ikashuka. Kila muhuri ulichongwa peke yake, kwa hiyo hakuna miwili inayolingana kabisa. Kwenye dhahabu ya Aksum, ambayo upana wake haufiki sentimita 2, mfalme amezungukwa na masuke mawili ya nafaka. Yatazame kwa kioo cha kukuzia: suke limejengwa kwa punje zilizopangwa, na unaweza kuona punje ya juu imeegemea kushoto, au herufi moja imebanwa ukingoni kwa sababu fundi hakupima nafasi vizuri. Sarafu mbili zikiwa na punje ileile iliyoegemea na herufi ileile iliyobanwa, zimetoka kwenye muhuri mmoja, na hilo si suala la maoni tena. Kisha muhuri huchakaa. Ukipata ufa, madini huingia ndani ya ufa na kuacha mstari ulioinuka juu ya sarafu. Sarafu isiyo na mstari iligongwa kabla, yenye mstari baadaye. Na kwa kuwa muhuri wa juu ndio unaopokea pigo la nyundo moja kwa moja, kwa kawaida hufa mapema, hivyo muhuri wa chini hupewa wenzi kadhaa mmoja baada ya mwingine. Kwa njia hiyo mnyororo wa wakati hujengwa kiungo kwa kiungo.

Alama kubwa hazina uwezo huo. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Ezana, mfalme wa karne ya 4. Sarafu zake za mwanzo zina duara na mwezi mwandamo juu ya kichwa cha mfalme. Za baadaye zina msalaba. Ni badiliko la uzito mkubwa katika historia ya Afrika, nami silidharau. Ila alama ya namna hii huamriwa na ikulu. Inatueleza kile mfalme alichotaka kionekane, na inatugawia enzi yake mafungu mawili tu. Zipo pia sarafu za fedha za Ezana zisizo na duara wala msalaba. Je, ni za kipindi cha mpito, au fundi aliacha nafasi wazi tu? Alama yenyewe haiwezi kujibu, kwa sababu haipo. Wa kuulizwa ni umbo la herufi, mpangilio wa nukta ukingoni na uzito wa madini.

Wapo watakaosema kwamba mtindo ni jambo la jicho la mtazamaji, na kwamba mchongaji hodari na mwanafunzi wake wangeweza kuketi karakana moja siku moja, mmoja akatoa uso mzuri na mwingine uso uliopotoka. Pingamizi hili ni la haki. Limewaangusha wengi waliopanga sarafu kutoka nzuri hadi mbaya wakiamini kwamba sanaa hushuka kadiri miaka inavyokwenda. Jibu langu ni kwamba uzuri si kipimo, na mtindo usiachwe usimame peke yake. Uzito, kwa mfano, husema bila kujali kipaji cha fundi: dhahabu ya Endubis ilikaribia gramu 2.7, lakini kuanzia Ezana kiwango kilishuka hadi karibu gramu 1.6, jambo linaloambatana na mageuzi ya sarafu ya dhahabu ya Roma. Zaidi ya uzito kuna hazina zilizofukiwa. Ile ya al-Madhariba, kusini mwa Yemen, ilikuwa na sarafu za Aksum zaidi ya 300 zikiwa zimechanganyika na za Roma, na za Roma zina majina ya makaisari ambao miaka yao inajulikana, hadi Justin wa Kwanza aliyetawala kuanzia 518 hadi 527. Huo ndio wakati wa Kaleb, mfalme wa Aksum aliyevuka bahari kupigana na ufalme wa Himyar huko Yemen. Mpangilio wa mitindo unaogongana na ushahidi wa namna hiyo hauna budi kuvunjwa na kuanzwa upya.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: hata muhuri unaweza kudanganya. Ipo sarafu ya fedha yenye mfalme Wazeba upande mmoja na mfalme Ousanas upande wa pili. Wapo wanaoona humo wafalme wawili walioshirikiana kiti. Inawezekana, lakini inawezekana vilevile kwamba karakana ilichukua muhuri wa zamani uliokuwa bado mzima ikauoanisha na mpya, kwa kubana matumizi au kwa kukosea. Mimi naegemea karakana, kwani kushirikiana enzi ni jambo ambalo ikulu ingelitangaza kwa maandishi yaliyochongwa makusudi, siyo kwa kuunganisha mihuri iliyokatwa kila mmoja kwa ajili ya mtu wake. Hata hivyo, tafsiri yoyote itakayoshinda, jambo moja halitikisiki: mihuri hiyo miwili ilikuwa mikononi mwa mafundi wakati mmoja. Wazeba, ambaye hatuna habari zake nje ya sarafu, amepata jirani katika orodha ya wafalme, na jirani huyo hakupatikana kwa kutazama taji lake.