Kumng'oa mbunge kwa kura: Bukombe na Peterborough

Mpiga kura wa Tanzania humng'oa mbunge wake siku moja tu katika miaka mitano, siku ya uchaguzi mkuu. Wapo wanaoweza kudai kwamba watu wa Usukuma hawajui kumwangusha kiongozi. Si kweli. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, wagombea wote wakiwa wa TANU na kutambulishwa kwa alama za jembe na nyumba, Paul Bomani aliangushwa Mwanza. Alikuwa Waziri wa Fedha, na ndiye aliyejenga ushirika mkubwa wa wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa.

Mwaka 2010 Bukombe, wakati huo ikiwa Mkoa wa Shinyanga, iliinyang'anya CCM kiti na kumpa Profesa Kulikoyela Kahigi wa Chadema, mwanaisimu na mshairi. Mwaka 2015, Bukombe ikiwa tayari Mkoa wa Geita, Kahigi naye akapigwa chini na Doto Biteko wa CCM.

Uingereza hawangoji uchaguzi mkuu. Tangu sheria ya mwaka 2015, mbunge akifungwa jela, au akisimamishwa na Bunge kwa siku 10 za vikao au zaidi, wapiga kura wa jimbo lake hufunguliwa ombi la kumwondoa na kupewa wiki sita za kutia saini. Asilimia 10 wakisaini, kiti ki wazi. Ian Paisley wa North Antrim aliponea chupuchupu mwaka 2018. Fiona Onasanya wa Peterborough aling'olewa mwaka 2019. Anayeng'olewa anaruhusiwa kugombea tena. Mtoto wa Kitanzania anayekulia huko huona mambo haya ni ya kawaida, na akiuliza kwa nini babu yake wa Kahama lazima angoje miaka mitano, mzazi hukosa jibu la maana.

Tanzania, chama kinaweza kumng'oa mbunge wake katikati ya muhula: akifukuzwa uanachama, ubunge umekwisha. Rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilitaka wapiga kura nao wawe na haki hiyo, lakini Bunge Maalum la mwaka 2014 likaiondoa. Irudishwe.