Kozi ya Kupiga Mbizi Pwani: Lipa kwa Akili

Unaishi Kalimoni na unataka kupanda jahazi Shimoni hadi Kisite, kisha urudi na cheti cha kupiga mbizi? Inawezekana, ila pesa utaituma kwa mtu ambaye hujamwona.

Cheti cha kwanza cha PADI kinahitaji nadharia, mazoezi kwenye maji yaliyotulia, na kuzamia baharini mara 4. Pia utaogelea mita 200 na kuelea dakika 10. Nadharia unaweza kuisoma kwa simu ukiwa nyumbani.

Kabla ya kutuma deposit:

- Jaza fomu ya afya. Ukiwa na pumu au shida ya moyo, muone daktari kwanza.
- Tafuta kituo kwenye tovuti ya PADI, upige namba iliyo hapo, si ile uliyotumiwa WhatsApp.
- Lipa kwa till au paybill ya kituo. Jina likiwa tofauti, usikubali malipo.
- Weka SMS ya malipo, na salio ulipe ukifika.
- PIN ni yako peke yako.

Bajeti nayo isiishie kwa kozi. Baada ya kuzamia siku kadhaa, subiri angalau masaa 18 kabla ya kupanda ndege. Hata ukirudi kwa SGR au basi, Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na kupanda haraka hivyo kunaweza kukuletea ugonjwa wa mbizi. Kwa hivyo tenga pesa ya kulala pwani usiku mmoja zaidi.